Dondo Lisilo na Ulimi

Nilipokuwa mdogo sikucheza sana nje. Utoto wangu ulipitia chini ya meza ya cherehani, kwenye baraza ya duka moja hapo Voi, nikiokota sindano kwa sumaku na kusikiliza watu wazima wakisemana. Baba yangu alikuwa fundi. Alishona sare za shule na suruali za watu wa reli, lakini kilichomletea sifa ni kanzu, maana alifunzwa kazi na mzee wa Kipwani, Fundi Athumani, Mungu amrehemu. Watu walikuwa wakimtania, "Wewe Mdawida wa milima ya Taita, tena Mkristo, kanzu umezijulia wapi?" Naye alikuwa akijibu bila kuinua macho, "Kanzu haina dini. Ina pindo."

Juu ya meza ile, kando ya mkasi na chaki, lilikaa dondo.

Kwa asiyelijua nitalieleza, maana mafundi wa siku hizi wana pasi za umeme na hawalihitaji. Dondo ni nyumba ya konokono wa baharini. Usifikirie konokono wa shambani mwenye gamba la kuzunguka-zunguka. Mzunguko wa dondo umejificha ndani, huuoni. Lina umbo la yai, linajaa kiganja cha mtu mzima, na ni laini hata ukalishika unadhani limepakwa mafuta. Mgongoni lina madoa meusi na ya kahawia, mengine makali, mengine yamefifia kama wino uliodondokewa na maji. Ukiligeuza, tumbo ni jeupe na bapa, na katikati kuna ufa kutoka ncha hadi ncha. Kingo zote mbili za ufa huo zina meno, yamejipanga sawasawa. Baba alipomaliza kushona pindo alilishika dondo, akalikandamiza juu ya mshono na kusugua kwa mgongo wake mpaka mshono ulale. Fundi Athumani alimpa dondo hilo siku aliyomwambia kwamba sasa amefuzu. Yeye naye alipewa na mwalimu wake huko Pwani. Katika vitu vyote alivyokuwa navyo Baba, hicho ndicho ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukiazima.

Isipokuwa mdogo wangu. Mwakio alipoanza kuota meno alilia mpaka wateja wakawa wanahamia baraza ya jirani. Mama alimpa karoti, akampa kitambaa chenye maji, wapi. Mchana mmoja wa joto, lile joto la Voi linalofanya hata mbuzi walale kwenye mtaro, Baba alichoka, akaliosha dondo kwa sabuni, akamwekea mtoto mkononi. Dondo huwa baridi hata jua likiwaka. Mwakio alilitia mdomoni, fizi zikateleza juu yake, akanyamaza. Tangu siku hiyo likawa lake kila Baba alipokuwa halitumii, nami nikawa mlinzi wa kuhakikisha haliangushi.

Nyanya yangu, mama yake Mama, aliishi Bura, huko juu kwenye baridi, akilima kabichi na vitunguu. Alikuwa mama wa kanisa, mnyoofu, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Siku aliyoteremka kuja kututembelea alimkuta Mwakio amekaa kwenye mkeka na dondo mdomoni.

"Mtoto anakula nini?" akauliza, hata kabla ya kutua mzigo.

Baba alikuwa amesimama, kama ilivyopasa mkwe. "Ni dondo, Mama."

"Donda?"

"Dondo. Kitu cha baharini. Cha kazi."

"Donda," alisema Nyanya tena. Kiswahili chake kilikuwa cha mlimani, na neno likishaingia kwake kwa namna fulani lilikaa hivyo hivyo mpaka kiama. Mimi nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Nyanya alichuchumaa, akalitoa lile dondo kinywani mwa mtoto, akaligeuza tumbo juu. Akapitisha kidole kwenye ufa, jino baada ya jino.

"Lina mdomo," alisema. "Lina meno. Ulimi uko wapi?"

Mwakio alilinyooshea mikono.

"Mmempa mtoto mdomo usio na ulimi, autafune. Sasa huo utajitafutia ulimi wapi?"

Kwetu mkwe hajibizani na mama mkwe. Baba alilichukua, akalifuta kwa upindo wa shati, akaliweka juu ya rafu ya nyuzi. Mama akaenda kupika chai. Mwakio akaanza kulia tena, na kilio kile ndicho kilichomaliza mazungumzo.

Mvua zilipofika mtoto aliugua. Hiyo haikuwa homa ya kupakwa maji na kulazwa. Shingo yake ilikakamaa, macho yakageuka, na Mama akakimbia naye hospitalini akiwa na kiatu mguu mmoja. Mimi niliachwa kwa jirani. Sikuambiwa kitu, lakini nilisikia jirani akimwambia mumewe, "Yule hatarudi," na nikaenda kukaa chini ya meza ya cherehani peke yangu, cherehani imefunikwa, baraza haina mtu. Mungu ni mkubwa, alirudi. Alirudi amekonda, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti, lakini akiwa hai, na sote tulishukuru tukadhani deni la maombi limekwisha.

Aliota meno yaliyobaki. Akatembea. Akacheka, tena alikuwa mwepesi wa kucheka kuliko watoto wote wa mtaa. Ila hakusema. Wenzake wa rika lake walishaanza "maji" na "leta" na "yangu", yeye anatoa sauti moja ndefu isiyo na umbo. Watu walitufariji. Wavulana huchelewa, walisema. Mjomba wake mmoja alichelewa mpaka akadhaniwa bubu, na sasa hawezi kunyamaza mazishini. Faraja za namna hiyo huchosha haraka, na zilipochosha, watu walirudi kwenye neno la Nyanya.

Sijui ni nani aliyelipeleka sokoni. Nadhani ni mimi, kwa kulisimulia shuleni, lakini lingefika hata bila mimi, maana neno zuri la kutisha lina miguu yake. Wanawake walianza kupita barazani petu ili tu waone. "Ndilo hilo?" wananiuliza, wakinyoosha kidevu badala ya kidole. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa ameleta kitambaa cha nguo za mtoto alikuja kukichukua kabla hakijakatwa. Alisema shughuli imeahirishwa. Baba akakikunja vizuri, akampa, akamtakia kheri, na mchana wote uliobaki alishona bila kuimba, yeye ambaye alikuwa akiimba nyimbo za kanisa hata akishona kanzu ya harusi.

Nami niliamini. Niseme kweli, niliamini kwa moyo wote. Baba akienda kunywa chai nilikuwa nikipanda kwenye kiti, nalishusha dondo kutoka rafuni, nauweka ule ufa karibu na mdomo wangu na kunong'ona, "Rudisha. Rudisha ulimi wa Mwakio." Nililiahidi sukari. Siku nyingine nililitukana. Lilinitazama na meno yake bila kujibu, baridi mkononi mwangu.

Nyanya alituma habari kutoka Bura kwa akina mama wa mboga: kitu kile kirudishwe baharini. Kitu cha maji hakikai nchi kavu bure, kina kiu, na kitakunywa kwa aliye karibu. Mama aliufikisha ujumbe wakati wa chakula cha jioni, akiutazama ugali. Baba aliacha kula.

"Nikilirudisha," alisema, "nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyemla mwanangu ulimi."

Mwakio alikuwa akivuta mkono wa shati la Baba, akitaka nyama, akifanya ile sauti yake. Baba akampa yote iliyokuwa kwenye sahani yake. Leo nikiwa na watoto wangu ndipo naelewa kwamba mzee wangu hakuwa na kiburi usiku ule. Alikuwa na hofu, na hofu ya mwanamume wa wakati ule ilikuwa haina mahali pa kukaa isipokuwa ndani ya ukaidi.

Ikapita misimu. Nyanya hakuteremka, nasi hatukupanda. Kisha wakati wa Krismasi, Mwakio akiwa mtoto mkubwa wa kukimbia na bado hana neno hata moja, habari ilikuja tena, safari hii fupi. Njooni wote. Na hilo donda mlibebe.

Sisi Wadawida tuna desturi inayoitwa kutasa. Wazee waliijua kama ibada yenyewe. Wakati wangu ilikuwa imekwisha kupewa kona tu, nyuma ya kanisa, lakini ipo. Wanasema hasira ikikaa moyoni mwa ndugu hailali. Hata mwenyewe akiisahau, yenyewe hutembea, na humwangukia mdogo kabisa wa nyumba. Dawa yake ni kuitoa. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza nje yatawanyike, na pamoja nayo unaitoa ile hasira kwa maneno, ukiomba nyumba ipoe. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Nyanya, kwa vile alikuwa mama wa kanisa, alitumia maji matupu.

"Padri hajasema tusiteme maji," alimwambia Mama. "Na Mungu ni yule yule."

Ilikuwa asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya kabichi, na mimi nikitetemeka ndani ya sweta la shule. Tulikaa uani, nyuma ya jiko, kwenye vigoda. Nyanya alikuwa na kibuyu cha maji miguuni na dondo mapajani. Mwakio alikuwa kidogo mbele yetu, ametupa mgongo, akipanga magunzi ya mahindi katika mstari. Karai la kuoshea vyombo lilikuwa tupu, limeachwa pale nyuma yake.

"Hapa hakuna mkwe," alisema Nyanya. "Kwenye kutasa kila mtu ana mdomo. Nitaanza mimi."

Akainua kibuyu, akajaza mashavu yakavimba, akapuliza. Ukungu ukayapokea yale manyunyu, sikuweza kuona yalipoishia.

"Nilikasirika," alisema. "Mjukuu wangu alikuwa anakufa hospitalini, nami nikaisikia habari sokoni, kwa muuza kabichi mwenzangu. Mtoto wa binti yangu. Nikasema, basi mimi ni nani kwao? Lile neno la donda nililisema kwa kuogopa tu, lakini baada ya hapo nilikishika kwa hasira kile nilichosema. Nilitaka liwe kweli. Nimelitoa. Nyumba ipoe."

Akampa Baba kibuyu. Baba alikishika kwa mikono miwili, akajaza mdomo, akakaa. Alikaa muda mrefu, macho yake kwenye dondo, mashavu yamejaa. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka.

"Umeyameza," alisema Nyanya kwa upole.

Baba alifuta kidevu kama mtoto aliyefumaniwa na asali.

"Umeyameza, mwanangu. Hiyo ndiyo haitakiwi. Chukua tena."

Sikuwahi kumsikia akimwita mwanangu. Nadhani Baba naye hakuwahi. Alichukua tena, na mara hii alipuliza kwa nguvu hadi matone yakatufikia.

"Nilikasirika," alisema, sauti imekwaruza. "Mama, ulifanya watu wakiogope kitu alichonipa mwalimu wangu. Walikiogopa, wakaniogopa na mimi. Lakini si hiyo. Hiyo ni ndogo. Nilikukasirikia kwa sababu usiku nikilala naamini ulilosema. Mimi ndiye niliyemwekea mkononi. Kila akifungua mdomo nauona ule ufa." Akakishusha kibuyu. "Nimetoa. Nyumba ipoe."

Ikafika zamu ya Mama. Alikuwa mama mpole, mtu wa kukubali, "sawa" yake ilikuwa ikisikika kabla hujamaliza kuuliza. Alichukua maji, akayapuliza kwa haraka bila kusema kitu, kama mtu anayetema mbegu ya limau. Halafu akasimama.

"Mimi nimewakasirikia nyote wawili," alisema. "Mnagombania gamba. Mmoja anasema lirudi, mwingine anasema lisirudi, miaka inapita. Nani aliyeniuliza mimi? Mimi niliyelala naye wodini, nani aliniuliza nimeona nini?"

Akalichukua dondo mapajani mwa Nyanya. Akatembea mpaka nyuma ya Mwakio, akaliinua juu ya lile karai tupu, akaliachia.

Mlio ule nausikia mpaka leo. Nilipiga kelele. Kuku walitawanyika hadi kwa jirani, mbwa akaruka, Nyanya akaweka mkono kifuani, Baba akawa amesimama tayari na kigoda kimeanguka nyuma yake. Dondo likazunguka ndani ya karai, kru, kru, kru, mpaka likatulia.

Mwakio alichukua gunzi lingine, akalipima kwa jicho, akaliweka mwisho wa mstari.

"Ulimi anao," alisema Mama. "Masikio ndiyo hana. Homa ile ndiyo iliyomnyang'anya. Nimejua tangu tulipotoka wodini, nilipomwita nikiwa nyuma ya mlango. Nimejaribu na sufuria, nimejaribu na filimbi ya huyu dada yake, Wakesho. Sikusema kwa sababu niliogopa. Neno hilo likishatoka, haliwezi kurudi."

Ndipo alipolia, na kilio chake ndicho kilichokuwa kutasa kwake. Baba alimfuata akamshika mabega mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikuliona tena. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikiwaza zile siku zote nilizopanda kwenye kiti kulinong'oneza dondo, na kwamba katika miaka yote hiyo sikuwahi kumnong'oneza Mwakio mwenyewe.

Aliyefanya jambo la maana alikuwa Nyanya. Hakusema "pole", hakusema "nilikosea". Aliinuka polepole, akazunguka mpaka akamkabili Mwakio uso kwa uso, akachuchumaa mbele ya mstari wa magunzi. Akanywa maji kibuyuni, akavimbisha mashavu, akasubiri hadi mtoto alipomtazama, ndipo akampulizia kifuani. Mwakio alishtuka, akacheka, akavimbisha mashavu yake mwenyewe. Nyanya akavimbisha tena. Yeye tena. Walikaa hivyo, kikongwe na mtoto, wakivimbishiana mashavu kwenye ukungu, na ukiniuliza mimi, mdogo wangu alisema neno lake la kwanza asubuhi ile.

Mpaka leo Mwakio akitaka kusema "Nyanya" kwa mikono yake, huvimbisha mashavu na kuyagusa kwa kidole. Alama hiyo haimo katika lugha ya ishara waliyomfundisha shuleni. Ni ya nyumbani kwetu tu.

Dondo liling'oka jino moja kwenye ukingo, ncha ya kushoto. Halikuharibika kwingine.

Yaliyofuata ni marefu na ya kawaida: daktari aliyethibitisha kile Mama alichokijua, shule ya bweni ya viziwi huko Pwani, likizo alizorudi na mikono iliyojaa maneno nasi tukimkimbilia kama wanafunzi wajinga. Baba alijifunza ishara vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na kazi tangu zamani. Nyanya naye hakuliacha lake. Kila tulipokwenda Bura aliuliza, "Lile donda mmelipeleka likanywe?" Baba alijibu, "Tutalipeleka, Mama," kwa heshima zote, na hakulipeleka. Nilimuuliza Nyanya, nikiwa mtu mzima tayari, kama bado anaamini dondo ndilo lililomdhuru Mwakio. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kijinga. "Nilisema litachukua kitu," alisema. "Sikukosea, nilikosea tu kitu chenyewe." Aliondoka duniani na msimamo wake.

Mimi namwamini daktari. Homa ndiyo iliyochukua. Lakini nimeshindwa kumcheka Nyanya, kwa sababu kama si neno lake lile dondo lisingepanda Bura, na kama lisingepanda, sijui Mama angekuja kupata wapi ujasiri wa kuliangusha.

Baba naye ametutoka. Mwakio ndiye anayekaa kwenye baraza ile sasa, na kanzu zake, niseme bila kumpendelea, zinalala kuliko za Baba. Wateja humwandikia kwenye simu. Pasi ya umeme anayo, lakini pindo la kanzu hulimaliza kwa dondo, kwa sababu mkono wake, anasema, husikia mshono kupitia kwake.

Juzi juzi aliniambia anataka kulipeleka. Nilidhani ametania. Tulipanda treni asubuhi pale Voi, tukashuka Mombasa, tukavuka upande wa Kwale, ambako bahari ikipwa unaweza kutembea mbali juu ya mwamba kwa ndara. Kulikuwa na mama mmoja mwenye fimbo akitafuta pweza kwenye mashimo. Mwakio alimwonyesha dondo. Yule mama aliangalia, akatabasamu, akatuongoza hadi kwenye dimbwi kati ya matumbawe na majani ya bahari, akainua jiwe.

Mwanzoni sikuona dondo. Niliona kitu cha kijivu chenye vinyama vilivyosimama-simama, kama kitambaa cha sufu kilicholowa. Mama yule alikigusa kwa kidole, na lile vazi likaanza kurudi nyuma, upande huu na upande ule, likiingia ndani ya ufa, na dondo likatokea, madoa yake yote, linang'aa kuliko kioo. Alitueleza kwamba likiwa hai hujifunika hivyo kwa nyama yake mwenyewe, ndiyo maana mgongo haukwaruziki. Mchana hukaa chini ya mawe, usiku hutoka kula.

"Nyanya yetu alisema huu ni mdomo," nilimwambia, nikionyesha ufa wa lile letu. "Mdomo usio na ulimi."

"La, mwanangu," alisema. "Huo ni mlango. Mwenyewe hukaa ndani."

Baadaye nimesoma kwamba hata ulimi anao, mwembamba, wenye vimeno vidogo sana, wa kukwangulia chakula mawe. Ulimi alikuwa nao siku zote. Sisi tulikuwa tumeshika mlango na kuuliza mbona hausemi.

Mwakio alirudisha jiwe mahali pake kwa uangalifu. Halafu akachota maji ya bahari kwa kiganja, akayatia mdomoni, uso ukakunjamana kwa chumvi. Akanitazama ahakikishe namwona. Akagusa shavu lililovimba kwa kidole: Nyanya. Akapuliza juu ya dondo la Baba, lenye pengo lake, akalichovya dimbwini, akalifuta kwa upindo wa shati kama Baba alivyokuwa akifanya, akalitia mfukoni.

"Huliachi?" nikamuuliza kwa mikono.

"Lilitakiwa linywe," alijibu. "Limekunywa. Kuna kanzu za Idd zinangoja."

Nilitaka kujua jambo moja, nalo nimelibeba tangu ile asubuhi ya ukungu. Katika kutasa kule wakubwa walipata zamu, mimi na yeye hatukupata, na yeye ndiye tuliyekuwa tunamfanyia. Nikamuuliza kama hakuwa na hasira yake ya kutoa, kwa miaka ile yote tuliyomwita kwa nyuma tukidhani yeye ndiye asiyejibu.

Alifikiri, maji yakimpiga vifundoni.

"Hasira ya nini?" alisema. "Ninyi ndio mliochelewa kusikia."

Niliinama, nikachota maji, nikajaza mdomo. Yana chumvi kali, si kama ya Bura. Nikapuliza yote, sikumeza hata tone.